Ile ya Mtungi, Tangu Asubuhi

1.

—Hiyo si kusahau! Mtu anasahau adhuhuri, sawa, binadamu. Anasahau na alasiri?

—Mama Suhaila, punguza sauti.

—Nipunguze mimi? Kamwambie yeye apunguze! Adhana inalia, yeye dum, dum, dum, juu ya kichwa cha muadhini! Miaka ishirini na mbili tumekaa naye kwa adabu zake, leo kaota mapembe?

—Labda kalala.

—Kalala, na redio hiyo? Bi Chiku, hata maiti angea—

Akajing'ata ulimi. Lakini neno lilikwishatoka. Likabaki limening'inia pale ngazini, kati ya ndoo ya maji na beseni la unga, na hakuna aliyenyoosha mkono kulishusha.

Maiti.

Juu, muziki uliendelea.


2.

Wewe uliyekuwa unapita ukasikia kelele ukasimama, usizibe mlango, ingia kivulini. Kaa ngazi ya tatu. Ya pili imevunjika, ya kwanza ni ya paka.

Hii ni nyumba ya ghorofa tatu, Gerezani, Dar es Salaam, fleti sita, mbili kila ghorofa. Huyu anayekaanga vitumbua hapa chini na kusema "punguza sauti" ni Chiku Mwinshehe wa fleti ya kwanza. Magoti yake yamemgomea, ulimi haujamgomea. Mtu hapandi ngazi hii bila Chiku kujua amekula nini na wapi. Yule mwenye ushungi wa kijani ni Mama Suhaila wa fleti ya tatu, shoga yake na adui yake, kutegemea siku.

Na anayepiga muziki, huko juu kabisa, fleti ya sita, ni Salmini Kondo. Alikuwa fundi mitambo wa meli. Meli ilimwacha Marseille, Ufaransa, akakaa huko miaka sita akifua mashuka ya hoteli, akarudi na sanduku moja la nguo na masanduku matatu ya sidii za muziki. Watu wakamwita Maseli. Kila Jumapili asubuhi Maseli hufungua dirisha na kuachia muziki wa hausi, wa Kifaransa.

Usinitazame hivyo. Ndiyo, hausi. Ile ya kulegea, ngoma nne zinazotembea kama mtu aliyeshiba ambaye hana aendako. Kipande kimoja cha muziki kinazunguka, kinazunguka, kinazama kama kimetiwa ndani ya mtungi, halafu taratibu kinachomolewa, na ukisikia kinachomoka hata kama unafua nepi bega linakwenda lenyewe.


3.

Adabu za Maseli zilikuwa hizi: alimwahi muadhini.

Hakusubiri adhana ianze ndipo azime. Dakika moja kabla, kabla mzee wa msikiti hajakohoa kwenye kipaza sauti, muziki ulikuwa umeshakatika. Nyumba nzima ilitegea pale. Mama Suhaila alikuwa akikosa dum dum anainuka kutia udhu. Desderi wa fleti ya pili, Mkristo wa Songea, alikuwa akikosa dum dum anapakua ugali. Baada ya sala muziki ulirudi chini chini, kama mtu anayeomba radhi kwa kupita katikati ya watu.

Leo ulianza saa mbili. Wimbo mmoja. Ukiisha, unaanza tena.

Adhuhuri haukukatika.

Alasiri haukukatika.


4.

(Hii ya nne iruke. Chiku hataki isomwe sasa.)


5.

Kwa kuwa Kifaransa hatukijui, nyimbo za Maseli tulizibatiza wenyewe:

Ile ya Birika
Ile ya Dada Anayelalamika
Ile ya Lifti Iliyoharibika
Ile Ambayo Marehemu Mume Wake Zubeda Aliipenda (haipigwi Zubeda wa fleti ya tano akiwepo)
Ile ya Mtungi

Inayolia leo ni Ile ya Mtungi. Ndani yake mwanamke anasema maneno matatu ya Kifaransa. Siku moja Chiku alimuuliza Maseli yana maana gani.

—Anasema, "Usiende bado."

—Anamwambia nani?

—Hasemi.


6.

OFISI YA MSIMAMIZI WA JENGO
TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE, NYUMBA NA. 18

YAH: KURIDHIA KUHAMA KWA HIARI

Rejea mada tajwa hapo juu. Ofisi inawashukuru wapangaji wafuatao kwa ushirikiano waliouonesha. Orodha inabandikwa kwa uwazi, kwenye mlango wa kila fleti, ili kuondoa minong'ono.

Fleti 1. Chiku A. Mwinshehe. AMERIDHIA. Jumanne, saa 4:10 asubuhi.
Fleti 2. Desderi P. Komba. AMERIDHIA. Jumanne, saa 4:25.
Fleti 3. Rukia Hemedi (Mama Suhaila). AMERIDHIA. Jumanne, saa 4:40.
Fleti 4. Mwl. G. Kihwelo. AMERIDHIA. Jumanne, saa 4:55.
Fleti 5. Zubeda S. Mtulia. AMERIDHIA. Jumanne, saa 5:05.
Fleti 6. Salmini K. Kondo. HAJARIDHIA. Kwa kuwa walioridhia wametimia, ridhaa yake haihitajiki.

Maji na umeme vitasitishwa Jumamosi ijayo. Ubomoaji utaanza Jumatatu.

Mnatakiwa kuwa watulivu.


7.

Tangazo lilibandikwa leo alfajiri, milango yote sita.

Kufika saa moja, milango mitano ilikuwa mitupu. Kila mtu alitoka na nguo ya kulalia, akaliona jina lake, akalichana tangazo haraka, akalikunja, akalificha, akarudi kitandani. Kama vile kuchana la kwako kunafuta la jirani.

Mlango wa sita hakuna aliyepanda kuutazama.

Saa mbili, Ile ya Mtungi ikaanza.


8.

MAMA SUHAILA ANASEMA NA WEWE

Usinione nagomba. Mimi nikiogopa nagomba, ndivyo nilivyoumbwa. Siku tuliyomzika mama yangu niligombana na mchimba kaburi.

Wewe ulitaka nianzie wapi? Nimwambie Chiku, "Shoga, jina lako nimeliona la kwanza"? Naye atanijibu nini? "Na lako nimeliona la tatu." Tukishasema hayo tutasema nini tena? Kwa hiyo nikasema adhana. Adhana ni kitu mtu anaweza kukigombania kwa sauti.

Lakini nikwambie. Mwezi uliopita tulipanda paani sote sita, tukanyoosha mikono, tukaapa hakuna atakayesaini. Maseli akasema, mimi nilikuwa nimesimama hapa, yeye pale karibu na tangi, akasema huku anacheka:

"Mimi hapa nitatoka nimebebwa."

Tukacheka.

Mungu wangu, tulicheka.


9.

Kutoka paani, mwaka aliorudi Maseli, Jumapili alasiri, watu arobaini na spika mbili, ungeona:

bahari kipande, upana wa kiganja
treni ya abiria ikiingia stesheni, watu wanaipungia bila kujua nani yumo
mabati ya nyumba za Kiswahili, yenye kutu, kama mkate uliokolea moto
Mama Fulani wa nyumba ya mbele, mnene, anacheza peke yake uani kwake kwa kutegea muziki wetu. Jina hatukulijua. Tulimwita Mgeni wa Heshima.
kamba za nguo. Kamba za nguo. Kamba za nguo.

Leo ukipanda, maghorofa mapya yametuzunguka:

kioo
kioo
sisi wenyewe, wadogo, ndani ya kioo
kioo

Jua linafika saa saba, linaondoka saa saba na nusu. Nguo hazikauki. Maseli aliacha kupandisha spika kwa sababu sauti ilikwenda, ikagonga kioo, ikarudi imechelewa, kila ngoma ikawa na pacha wake anayemfuata nyuma, na watu walishindwa kujua waweke mguu kwenye ipi.

Ndipo akawa anapigia dirishani.


10.

MUADHINI, KWA UFUPI

Na mimi nimestuka. Ule ukimya wake ndio ulikuwa ishara yangu ya kukohoa. Leo nimesimama kwenye kipaza sauti sijui nianzie wapi. Nimeadhini kama mtu anayepiga hodi nyumba ambayo sauti zinasikika na hafunguliwi.

Mwambieni Salmini nimeuliza.


11.

Kundi la simu, "Wapangaji Na. 18", Jumapili:

Desderi: Habari za jumapili majirani
Mwl. Kihwelo: Nzuri.
Zubeda: Nzuri alhamdulillah
Desderi: Muziki leo upo
Mwl. Kihwelo: Upo.
Zubeda: Kuna mtu amemwona kaka Maseli?

(saa moja na nusu bila neno)

Desderi: Dada Chiku ndiye anakaa na funguo za akiba za watu wote

(Chiku anaandika...)

(Chiku anaandika...)

(Chiku ameacha kuandika.)


12.

Kweli, funguo zipo. Zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wake, sita, kila mmoja na uzi wa rangi yake, kwa sababu katika nyumba hii mtu akijifungia nje anakwenda kwa Chiku. Wa Maseli una uzi mwekundu. Tangu saa sita mchana Chiku ameshautoa msumarini mara tatu na kuurudisha mara tatu. Sasa hivi anapobishana na Mama Suhaila, uko ndani ya sidiria yake, upande wa kushoto, na chuma chenyewe kimeshapata joto la mwili.

Anachoogopa si ngazi.

Anaogopa akifungua, akamkuta amelala kifudifudi, na lile tangazo liko mkononi.

Anaogopa zaidi akimkuta amelala chali, macho wazi, anautazama mlango.


4.

(Sasa.)

Jumanne, saa nne asubuhi. Dada wa ofisini alikuja na faili, mdomo mwekundu, adabu tele. Akakaa kwenye kibao cha Chiku, akala kitumbua, akasifu iliki.

—Mama, najua mna kiapo chenu. Sitaki kukuvunjia heshima. Ila nisingependa ubaki peke yako. Wenzako wote wameshasaini.

—Wote?

—Wote watano. Umebaki wewe. Na magoti yako haya, nimekuandikia nyumba ya chini kule mnakopelekwa.

Chiku akatazama ngazi. Ilikuwa tupu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye maradhi yetu. Nyumba hii inasengenya kila kitu. Nani katapika, nani kanunuliwa kitenge, mtoto wa nani amefanana na nani. Lakini siku ile paani, baada ya kuapa, Mwalimu Kihwelo alinyoosha kidole akasema: "Jambo hili lisitamkwe ngazini. Kuta zina masikio. Asiulizane mtu na mtu." Tukaona ni busara kubwa. Tukaitika. Kwa hiyo jambo moja pekee ambalo tungepaswa kulisengenya, ndilo tuliloliheshimu.

Chiku alikuwa na hatua kumi na nne tu mpaka mlango wa Mama Suhaila. Angegonga, angesema, "Shoga, eti kweli?"

Hakugonga.

Akasaini. Saa nne na dakika kumi.

Dada wa ofisini akafuta mafuta mikononi, akapanda ngazi, na mlango kwa mlango akasema neno moja, na safari hii halikuwa uongo:

—Bi Chiku ameshasaini.


13.

—Wewe ndiye mwenye ufunguo, akasema Mama Suhaila. Taratibu sasa. Ugomvi umemwisha ghafla kama maji ya bomba.

—Nilifikiri wewe unagombania adhana.

—Bi Chiku.

—Eh.

—Panda.

—Twende wote.

—Twende.

Wakapanda. Chiku mbele, mkono ukutani, goti moja baada ya goti jingine. Mama Suhaila nyuma, ameshika pindo la kanga ya Chiku kama mtoto anayevushwa barabara. Ghorofa ya kwanza mlango wa Mwalimu Kihwelo ulikuwa wazi kwa upana wa jicho.

—Mnakwenda? jicho likauliza.

—Tunakwenda, Mwalimu.

—Vyema. Mimi niko nyuma yenu.

—Nyuma yetu wapi, na mlango unaufunga?

Mlango ukajifunga kweli.

Hatua ya ishirini. Ya ishirini na moja. Muziki ulikuwa unanenepa. Chini unasikia ngoma tu. Hapa unaanza kumsikia yule mwanamke na maneno yake matatu. Usiende bado. Anazama. Usiende bado. Anachomolewa.

Hatua ya ishirini na sita, kanga ikawa nyepesi.

Chiku akageuka. Mama Suhaila alikuwa amekaa chini, hatua nne nyuma, mkono kifuani.

—Siwezi, shoga. Nisamehe. Mie nitakaa hapa nikusomee.

Na kweli akaanza kusoma, sura fupi, anaikosea, anaianza upya.


14.

Hofu ya Chiku Mwinshehe, kwa mpangilio wa hatua:

27. Labda amesahau tu.
28. Mtu mwenye adabu zile hasahau.
29. Labda kaenda safari, akaacha redio.
30. Angenipitia. Kila aendapo hunipitia.
31. Miaka ile ndugu yangu alipofariki, ni yeye aliyeshusha spika siku saba bila kuambiwa.
32. Mimi ndiye wa kwanza. Imeandikwa. Saa na dakika.
33.
34.
35. Nikirudi sasa, nani atajua?
36. Mama Suhaila.
37. Na yeye, huko ndani.
38. Mlango.


15.

Mlangoni kulikuwa na vipande vinne vya gundi ya karatasi, kila kimoja pembeni pake.

Katikati hapana kitu.

Amelisoma.

Chiku akasimama mbele ya ule mraba mtupu. Kutoka nyuma ya mlango muziki ulisikika jinsi ulivyotengenezwa usikike: kama sherehe ya nyumba nyingine, ambayo hukualikwa, mtaa ambao haupo tena. Akavuta pumzi kwa pua, kidogo, kwa hadhari, huku akiomba pua yake isimletee ile harufu.

Ikamletea kitunguu.

Akautoa ufunguo. Ukakwaruza mbao. Akauingiza kwenye tundu, ukaingia nusu, ukagoma. Akasukuma. Ukagoma. Akaelewa: upo ufunguo mwingine, kwa ndani.

Muziki ukakatika.





Usisogee. Na wewe uliyekuja nami mpaka huku, usisogee.

Chini, sauti ya Mama Suhaila ikakosea, ikanyamaza.

Hatua. Miguu mitupu juu ya saruji, haina haraka. Ufunguo wa ndani ukazunguka, ukausukuma wa Chiku nje, nao ukaanguka sakafuni, tin.


16.

Alikuwa Salmini, mzima. Shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya sikukuu, ndevu amezinyoa.

Chiku alitaka kulia, akataka kumpiga kofi.

—Kaka Salmini! Hukuzima! Adhuhuri hukuzima, alasiri hukuzima, tukadhani—

—Mlidhani nini?

—Tukadhani...

Chiku akamwangalia. Hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Mtu aliyekasirika unajua umshike wapi. Alikuwa mtulivu, utulivu wa mtu aliyemaliza kufunga mizigo.

—Nilisema, akaanza Salmini, nisipozima leo, atapanda mtu. Miaka yote nikizima kwa wakati, kila mmoja anakwenda na lake. Nikasema leo nisizime, nione. Nimekaa hapa mlangoni nasikiliza ngazi tangu saa sita na nusu. Nimewasikia mnagombana. Nimewasikia mnapanda. Nimesikia mmoja amekaa chini.

—Ni Mama Suhaila. Anakusomea.

—Ananisomea mimi?

Nusu ya tabasamu. Ikaondoka.

Chiku akapitisha jicho begani kwake, kwa mazoea, maana jicho la Chiku haliombi ruhusa. Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda hakuna. Kabati hakuna. Masanduku matatu ya sidii hakuna. Ukutani palipokuwa na picha pamebaki miraba myeupe. Redio iko chini sakafuni, taa yake nyekundu inawaka. Na katikati ya chumba mkeka, na juu ya mkeka sahani, akazihesabu, sita, kila moja imefunikwa kawa. Hakuna hata moja iliyoguswa.

—Vitu vyako viko wapi?

—Nimevishusha usiku, kidogo kidogo, mmelala.

—Kaka Salmini, unakwenda wapi?

Salmini akainama, akauokota ufunguo wake, akamtilia kiganjani.

—Mie nina neno nataka kukwambia. Ile Jumanne. Yule dada alikuja akaniambia, mie nikamwamini, wallahi nikamwamini, na mie ndiye wa kwa—

—Wengine wako wapi?

Chiku akageuka akatazama ngazi. Mama Suhaila alikuwa pale pale alipokaa, ameinua uso, macho makubwa. Ghorofa ya kwanza mlango ulikuwa umefungwa. Chini kabisa, kwenye ngazi ya paka, hapakuwa na mtu.

—Wapo, akasema. Wanaogopa.

—Na wewe?

—Na mie.

Salmini akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Kisha akajibanza ukutani, akauacha mlango wote wazi, akanyoosha mkono kuelekea mkekani.

—Chakula kimepoa, nisamehe. Ingia hivyo hivyo, dada Chiku. Tule.